Tamthilia za Wasifu: Mambo ya Kuzingatia kwa Mtayarishaji na Mtazamaji

Babati, Manyara

Mwezi Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Charles Makongoro Nyerere kuwa Mkuu wa Mkoa wa Manyara, ambao makao makuu yake ni mji wa Babati. Tarehe 14 Oktoba 2023, mji huohuo ulikuwa mwenyeji wa kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru na kumbukizi ya kifo cha baba yake, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Historia ya baba hufundishwa shuleni. Safari ya mwana inafahamika kwa wachache.

Katika Uchaguzi Mkuu wa 1995, wa kwanza baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi, Mwalimu alimpigia kampeni Benjamin Mkapa wa CCM, ilhali Makongoro alichaguliwa kuwa Mbunge wa Arusha kupitia NCCR-Mageuzi. Baadaye alirejea CCM, akahudumu katika Bunge la Afrika Mashariki, na mwaka 2015 akawa miongoni mwa makada walioomba kuteuliwa na chama kuwania urais.

Maisha ya namna hiyo ni hazina kwa watunzi wa tamthilia za wasifu. Hata hivyo, kumbukumbu za umma huonesha matukio ya hadharani pekee. Mazungumzo ya baba na mwana sebuleni hayakuandikwa popote, hivyo mtunzi hulazimika kuyabuni. Hapo ndipo haki mbili za kikatiba hukutana: Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, na Ibara ya 16 inalinda heshima ya mtu, maisha yake binafsi na ya familia yake. Kiongozi huchagua kuingia katika utumishi wa umma. Mtoto hachagui nyumba ya kuzaliwa.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inamtaka mtayarishaji apate kibali kabla ya kutengeneza filamu. Maombi huambatana na maelezo ya matukio yatakayoigizwa na maneno yatakayosemwa, na Bodi ya Filamu Tanzania hukagua kazi kabla haijaoneshwa. Picha, vitabu na rekodi za watu wengine hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Kuvitumia kunahitaji ridhaa ya mwenye haki. Wasanii wa Babati wanaweza kuanza kwa kupata mwongozo kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yao.

Suala hili si la Tanzania pekee. Mwaka 2022, baada ya malalamiko nchini Uingereza, Netflix iliongeza maelezo kwenye trela ya tamthilia ya The Crown, inayohusu familia ya kifalme, kueleza kuwa ni maigizo yaliyobuniwa kutokana na matukio ya kweli.

Kwa mtazamaji, jambo la msingi ni kutenganisha mambo matatu: tukio lenye kumbukumbu, kama vile uchaguzi au uteuzi, mazungumzo yaliyobuniwa, na tafsiri ya mtunzi. Tamthilia inaweza kumsaidia mwananchi kuwaelewa watu waliobeba majina makubwa, lakini haichukui nafasi ya historia. Penye shaka, arejee kumbukumbu rasmi kabla ya kuamini au kusambaza kipande cha video kama ushahidi.