Kwa Nini Treni ya Jiji Haiji kwa Kununua Mabehewa Tu

Foleni ya Dar ikizidi, hakosi mtu wa kusema: "Si walete treni tu?" Huyo mtu unamjua. Yuko kwenye daladala, yuko kantini, na kwenye semina ya Maendeleo anasema hivyo hivyo ila kwa sauti nzito zaidi. Hakosei. Ila neno "tu" ndilo linanisumbua, maana kinachofanya treni ya abiria wa mjini ifanye kazi, kwa sehemu kubwa, hakipo ndani ya treni.

Tayari tunayo historia. Oktoba 2012 treni ya mjini ilianza Dar es Salaam, na watu wakaipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo: treni ya Mwakyembe. Ilikuwa na njia mbili. Moja ilitoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa kwa reli ya TRL, nyingine ilipita reli ya TAZARA hadi Mwakanga. Mwaka 2016 ikaja ya Pugu. Hakuna reli mpya iliyojengwa kwa ajili yake. Ile ya kati Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, ya TAZARA ni ya miaka ya 1970, na zote mbili zilikusudiwa safari ndefu na mizigo. Mtu wa Buguruni anayewahi kibarua Posta hakuwa akilini mwa aliyezichora.

Tuanze na hesabu, na msiogope, ni ya darasa la sita. Coaster ikijaa kweli kweli, siyo kwa maelezo ya konda anayesema "nyuma kweupe", inabeba watu kama 40. Treni ikibeba watu 1,000, hizo ni Coaster 25 zimeondoka barabarani kwa mkupuo. Hapo ndipo wengi wetu tunaishia, tunapiga makofi.

Sasa endelea. Reli ni ya njia moja. Tuseme safari inachukua dakika 40, hakuna pa kupishana katikati, na kila mwisho wa safari unahitaji dakika 10 za kushusha, kupakia na kuhamisha kichwa. Treni ikiondoka Ubungo saa 12:00 asubuhi, itaondoka tena Ubungo saa 1:40. Ya tatu ni saa 3:20, na wafanyakazi walishaingia kazini. Kwa asubuhi nzima umebeba watu 2,000. Ukiongeza treni ya pili bila kuongeza mahali pa kupishania, hujaongeza chochote, kwa sababu moja itasimama kusubiri nyingine itoke. Kumbe kipande kifupi cha reli ya pembeni, katikati ya njia, kinaweza kuwa na thamani kuliko mabehewa mapya yanayong'aa. Lakini nani atakata utepe kwenye reli ya pembeni?

Halafu kuna vivuko, yale makutano ambapo reli inakatiza barabara usawa mmoja. Tuseme tumefanikiwa, treni zinapita kila dakika 10 kwa kila upande. Hizo ni treni 12 kwa saa. Kila moja ikifunga barabara dakika 3, barabara imefungwa dakika 36 kati ya 60. Yaani treni iliyoletwa kuondoa foleni inazaa foleni nyingine. Ndiyo maana SGR ikitoka Stesheni imepitishwa juu ya nguzo ndefu za zege, siyo urembo. Reli ya zamani iko chini, na kuipandisha juu au kuishusha barabara ni mradi wenye gharama kubwa kuliko treni yenyewe.

Kitu kingine ni upana. Reli ya kati ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, TAZARA ina 1,067. Tofauti haifiki hata upana wa kiganja, lakini inatosha: behewa la huku haliendi kule. SGR nayo ina 1,435. Kwa hiyo jiji lina reli za aina tatu zisizoingiliana, na mtu wa Mwakanga anayekwenda Ubungo lazima ashuke, atembee au apande kingine. Hilo nalo linavumilika iwapo kushuka na kupanda kumepangwa.

Na hapa ndipo serikali za mitaa zinapoingia, sehemu ambayo hatuijadili kabisa. Mkurugenzi wa manispaa hawezi kuamuru treni itembee. Reli ya kati iko chini ya TRC, shirika la serikali kuu. TAZARA ni ya nchi mbili, sisi na Zambia. Barabara kuu ni TANROADS, za mitaa ni TARURA, mwendokasi ni DART, njia za daladala anapanga LATRA. Ukizihesabu taasisi zinazotakiwa kukubaliana ili abiria mmoja ashuke treni na kupanda daladala bila kuvuka dimbwi, utaelewa kwa nini dimbwi lipo.

Lakini Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazipa halmashauri mamlaka ya kupanga ardhi yao, na kwa treni hilo ni kubwa. Treni haikufuati nyumbani kama bodaboda. Inawafaa watu wanaoweza kufika kituoni kwa miguu, tuseme dakika 10. Nani anaruhusu ghorofa za kupangisha zijengwe karibu na kituo, au yadi ya makontena? Nani anapanga soko liwe wapi, bajaji zipaki wapi, kichochoro kipi kiachwe wazi hadi relini? Halmashauri. Sasa angalia tulivyofanya. Mipango kabambe ya Dar ilitoka mwaka 1949, 1968 na 1979, kisha miongo ikapita watu wakijenga walivyoweza. Treni ikapelekwa Ubungo, ambako stendi ya mabasi ya mikoani ilikuwa. Mwaka 2021 stendi ikahamia Mbezi Luis, kwa sababu zinazoeleweka, na reli ikabaki pale pale. Reli haina magurudumu.

Mimi nasomea ualimu, na wakati wa mazoezi ya kufundisha ndipo nilipoona maana ya ratiba. Mwanafunzi anayechelewa kila siku mara nyingi nyumbani kwao si mbali. Ni kwamba kuna sehemu moja ya safari ambayo hawezi kuitabiri. Treni inayokuja saa 1:10 kila siku, hata kama ni moja, inamsaidia kuliko tatu ambazo hakuna anayejua zitapita saa ngapi. Konda wa daladala naye anamjua huyo mtoto, nauli yake ndogo, na mara nyingine anamuacha kituoni. Behewa halina sababu ya kumuacha.

Kwa sasa la kutazama ni upande wa Gongo la Mboto. Mwendokasi awamu ya tatu unafuata Barabara ya Nyerere kuelekea huko, karibu na reli inayokwenda Pugu. Njia mbili za umma, watu wale wale, karibu sambamba. Zinaweza kugombania abiria wa barabara kuu huku wa Majohe wakiendelea kutembea kwenye vumbi, au treni ikabeba wa mbali na basi likakusanya wa katikati, kwa tiketi moja. Uamuzi huo hautafanyika ndani ya treni. Utafanyika kwenye mezani za watu wanaochora vituo, na ramani za vituo huchorwa mapema sana kabla yetu sisi abiria hatujaanza kulalamika.