Dawa ya Sonona kwa Mwanamke Anayemeza Tamoksifeni

Mwanamke aliyemaliza upasuaji, mionzi na dripu za saratani ya titi mara nyingi hurudi nyumbani na kidonge cha kumeza kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10. Kwa wale ambao uvimbe wao ulichochewa na homoni ya estrojeni, kidonge hicho kwa kawaida ni tamoksifeni ya miligramu 20. Sonona au wasiwasi ukimshika katika miaka hiyo, dawa atakayoandikiwa haina budi kuchaguliwa kwa kuangalia kwanza kama anameza tamoksifeni. Zipo dawa za sonona zinazopunguza nguvu ya tamoksifeni mwilini, na mgonjwa hataona dalili yoyote ya kumshtua.

Sababu iko kwenye ini. Tamoksifeni inapomezwa haijawa na nguvu yake kamili. Ini huigeuza kuwa endoksifeni kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, na endoksifeni ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuizuia estrojeni isizichochee chembe za saratani. Paroksetini, fluoksetini na bupropioni hukikandamiza sana kimeng'enya hicho, na kiwango cha endoksifeni katika damu hushuka. Mwaka 2010 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichapisha katika jarida la BMJ matokeo ya kuwafuatilia wanawake 2,430 waliotumia tamoksifeni pamoja na dawa moja ya sonona. Kadiri mwanamke alivyotumia paroksetini kwa sehemu kubwa zaidi ya kipindi cha tamoksifeni, ndivyo uwezekano wa kufa kwa saratani ya titi ulivyoongezeka. Tafiti nyingine hazikuona tofauti hiyo na wataalamu wanaendelea kubishana. Hata hivyo, pale dawa nyingine inapopatikana, hakuna sababu ya kumtwisha mgonjwa hatari ambayo ingeweza kuepukwa.

Kwa Watanzania lipo jambo la kuongeza. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwao ulionyesha kuwa aina za jeni zinazofanya CYP2D6 ifanye kazi pungufu, hasa zile zilizopewa namba 17 na 29, si adimu. Mwenye kurithi aina hizo huenda anatengeneza endoksifeni kidogo hata kabla ya kupewa dawa nyingine yoyote.

Dawa zinazofaa zaidi pamoja na tamoksifeni ni venlafaksini, sitalopramu na esitalopramu, ambazo hukigusa kimeng'enya hicho kidogo sana. Sertralini iko katikati, na kwa kipimo cha chini wengi huikubali. Venlafaksini ina faida ya pili: hupunguza lile joto la ghafla na jasho la usiku ambavyo tamoksifeni huleta, na ambavyo vyenyewe humnyima mtu usingizi na kumzidishia mawazo. Lakini inaweza kupandisha shinikizo la damu, kwa hiyo shinikizo hupimwa mara kwa mara. Sitalopramu ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Haivuki miligramu 40 kwa siku, na kwa mwenye umri zaidi ya miaka 60 haivuki 20. Aliyewahi kutibiwa kwa doksorubisini, dawa ya dripu inayoweza kudhoofisha moyo, anastahili uangalifu zaidi hapa.

Kwenye nyanda za juu za Kigoma uchaguzi huo hubanwa na umbali. Mgonjwa wa Kibondo au Kasulu hutibiwa saratani yake mbali na nyumbani, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kisha hurudi kwenye hospitali ya wilaya au kituo cha afya cha kwao. Daktari aliyemwandikia tamoksifeni hayupo pale mgonjwa anapoanza kukosa usingizi. Anayekuwapo ni tabibu wa karibu, na mbele yake mara nyingi hakuna venlafaksini. Kwa miaka mingi dawa za sonona zilizotajwa kwa majina katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani zilikuwa mbili, amitriptilini na fluoksetini. Hivyo basi dawa ya kisasa ambayo kituo kidogo kinaweza kuwa nayo ndiyo hiyo hiyo inayogongana na tamoksifeni.

Amitriptilini haikikandamizi kimeng'enya kama fluoksetini, na kwa kipimo kidogo usiku hutuliza pia maumivu ya mishipa ya fahamu yanayobaki baada ya upasuaji. Kasoro zake si ndogo. Hukausha mdomo, hufunga choo, huleta kizunguzungu, na ikimezwa kwa wingi huua. Mgonjwa mwenye fikra za kujiua hapaswi kukabidhiwa vidonge vya mwezi mzima. Apewe vya siku chache, na ndugu amtunzie. Malaria nayo haisahauliki mkoani Kigoma: lumefantrini iliyo ndani ya dawa mseto (ALU) huzuia kimeng'enya hicho hicho ambacho mwili hutumia kuisafisha amitriptilini, na zote mbili huweza kugusa mapigo ya moyo. Malaria lazima itibiwe, ila anayetibu ajue kwanza mgonjwa anameza nini.

Mambo hubadilika kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi na kupewa anastrozoli au letrozoli. Dawa hizo hazitegemei CYP2D6, na kwake kizuizi hiki cha fluoksetini hakipo. Ndiyo maana jina la kidonge cha saratani lina thamani kubwa kuliko maelezo marefu ya mgonjwa.

Diazepamu hutuliza wasiwasi kwa saa chache, lakini mwili huizoea upesi na haitibu sonona. Si dawa ya kumezwa miezi na miezi.

Kabla ya dawa yoyote, ugonjwa utambuliwe vizuri. Uchovu na kukosa hamu ya kula huweza kutokana na upungufu wa damu au matibabu yenyewe, kwa hiyo uzito zaidi huwekwa kwenye kukosa raha kwa kila kitu, kujilaumu na kutamani kufa. Dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9 lipo kwa Kiswahili. Mwaka 2006 ilichapishwa kazi ya kulipima kwa wagonjwa wa saratani nchini Kenya. Sonona isiyo kali mara nyingi huhitaji mazungumzo ya mpangilio na mtu aliyefunzwa kuliko vidonge.

Wakimbizi wana mzigo wa ziada. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewapokea Wakongo tangu 1996, na ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena kwa Warundi mwaka 2015. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na rufaa ya mbali hutegemea mengi yasiyo mikononi mwake. Huduma ya afya ya akili ndani ya kambi kwa mwanamke mkimbizi mwenye saratani si ya ziada, maana hana kwingine pa kukimbilia.

Dawa ya sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya nafuu kuonekana, na huendelea kutumiwa miezi kadhaa baada ya kupona. Isiachwe ghafla. Anayemeza fluoksetini na tamoksifeni pamoja asiache hata moja kwa uamuzi wake. Amweleze daktari, apangiwe kuhama taratibu.

Kila anayekwenda kituoni kwa ajili ya mawazo, wasiwasi au kukosa usingizi, achukue pakiti ya kidonge chake cha saratani pamoja na karatasi za Bugando au Ocean Road, na aziweke mezani kabla dawa mpya haijaandikwa.