Mayai 49 yalinifia, na aljebra njo ilinionyesha sababu

Wandugu, tangu nimalize lisanse ya agronomi watu wananiuliza: weye mtu wa mashamba, hesabu za mashine unazifanyia nini? Leo naeleza, na naanza na haya yangu mwenyewe.

Nilijenga kuvezi ya mayai: sanduku la mbao, waya wa kupasha moto, feni, kaptere ya joto, na kadi ndogo ya elektroniki ya kuongoza yote. Yai la kuku linaomba digrii 37.5 na siku 21. Mama mmoja jirani akaniamini, akaniletea mayai 60. Siku ya 22 tulihesabu vifaranga 11. Hakunigombeza. Alibeba vifaranga vyake ndani ya karto, akaenda.

Kuvezi ilikuwa inafanya kazi hivi: kaptere inapima joto, kadi inatoa tofauti na 37.5, inazidisha hiyo tofauti kwa namba niliyochagua, jibu njo nguvu inayoenda kwenye waya. Tuiite N, nguvu ya jibu ya mzunguko wote. N ikiwa ndogo, joto linabaki chini. Kama chumba kiko na digrii 22, kuna pengo la 15.5, na upungufu unaobaki ni pengo hilo kugawa kwa 1+N. Kwa N ya 10 unakosa digrii 1.4, kwa N ya 30 unakosa nusu digrii tu. Basi kila mtu anavutiwa kupandisha N. Mimi niliweka 25, na siku za majaribio ilikaa vizuri kabisa.

Lakini mzunguko uko na uvivu mahali tatu. Hewa ya sanduku inachelewa (h), waya unachelewa kupata moto (w), kaptere nayo inachelewa kusikia (k). Ukiziweka pamoja unapata ekwasyo ya digrii ya tatu. James Clerk Maxwell alishachunguza ekwasyo za namna hiyo mwaka 1868, juu ya vidhibiti-mwendo vya mashine za wakati wake, na Edward Routh akatoa kanuni ya jumla mwaka 1877. Kwa digrii ya tatu ni rahisi: namba zote nne ziwe chanya, na kuzidisha zile mbili za katikati kupite kuzidisha zile mbili za pembeni. Bila hiyo, joto halitulii.

Hapa njo lojisieli ya aljebra inaingia. Excel inataka namba. Hii inakubali herufi, inafungua mabano, inarahisisha, na inakurudishia herufi. Mimi natumia Maxima. Ni mtoto wa Macsyma, iliyoanzishwa MIT mwaka 1968. William Schelter aliitunza miaka mingi, na mwaka 1998 akapata ruhusa ya kuitoa bure. Ikisha kuingia kwenye ordinatere haiombi intaneti, na sisi tunajua bei ya mega. Niliandika ekwasyo, nikaiambia irahisishe, ikanipa hii:

N < (h + w + k) × (1/h + 1/w + 1/k) − 1

Angalieni vizuri hiyo sentensi. Kama uvivu wote tatu uko sawa, mpaka ni 8 tu, hata ziwe sekunde ao saa. Mpaka unapanda wakati uvivu unatofautiana sana. Kwa namba peke yake ningebadilisha-badilisha wiki nzima bila kuona hilo.

Kisha nikapima. Uvivu ni muda wa kufika asilimia 63 ya safari ya joto. Hewa dakika 10, waya dakika 1, kaptere nusu dakika. Mpaka: 34.65. Na mimi niko 25, niko salama. Sasa mayai yalikufa na nini?

Nikakumbuka. Siku moja mbele ya kuweka mayai, niliogopa unyevu, nikafunga kaptere na plastiki na skochi. Nikaipima tena vile ilivyokuwa: dakika 2. Weka kwenye formila: 13 × 1.6, toa 1, ni 19.8. N yangu ya 25 ilikuwa imepita mpaka. Formila ilitoa pia mwendo wa kuyumba, karibu dakika 8 kila mzunguko. Nikaweka termometa ya kawaida, nikakaa na saa: 39, 35, 39, 35, kila dakika 7 ao 8. Na kibaya zaidi, eka ya kadi ilikuwa inaonyesha kuyumba kidogo tu, juu kaptere ndani ya plastiki ilikuwa inasikia nusu ya mambo.

Maxima haikujua kama waya uko na kikomo cha nguvu. Hilo unaliongeza mwenyewe kichwani. Na herufi zikizidi, jibu linakuwa ukurasa mzima usiosomeka, hapo weka namba kwa zile unazozijua vizuri. Nilipoongeza sehemu ya kukusanya makosa, ile inayofuta upungufu unaobaki, ekwasyo ilipanda digrii ya nne. Kwa mkono nilikosea mara tatu. Kwa lojisieli ni mistari mitano.

Sasa kaptere iko wazi, N ni 12. Mama alirudi na mayai mengine 60. Leo ni siku ya 9. Jana usiku niliyaangalia na toshi, mishipa inaonekana katika 53.