Mteja wa Kudumu Ndiye Mpiga Debe Bora

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mjini Garissa, methali hii huonekana sokoni kila siku. Anayenunua maziwa ya ngamia hawezi kujua kwa kuutazama mtungi kama yametiwa maji au yatachacha kabla ya jioni. Kwa hivyo humuuliza jirani kwanza: kwa nani maziwa ni safi?

Desturi hii si ngeni. Katika soko la mifugo la Garissa, mojawapo ya masoko makubwa zaidi nchini, dalali, ambaye Wasomali humwita dilaal, humdhamini muuzaji kwamba mnyama si wa wizi. Mnunuzi anayepeleka ng'ombe Nairobi au Mombasa hulipa kwa kulitegemea neno hilo. Dalali akidhamini mnyama wa wizi, jina lake huharibika na wateja humhepa.

Mwenye biashara ndogo pia anaweza kunufaika na neno la wateja wake. Anashauriwa kuwauliza wale wa kudumu maswali 3:

1. Nani alikuelekeza hapa?
2. Ukimweleza jirani kuhusu bidhaa zetu, huwa unasemaje?
3. Jirani aliyekataa kuja alitoa sababu gani?

Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa, kwa sababu hufichua kasoro ambayo wateja huona haya kuitaja. Tuseme majirani wanahofia maziwa yanayobebwa kwa mitungi ya plastiki. Mitungi hiyo ni vigumu kusugua ndani, na uchafu unaobaki huchachisha maziwa. Muuzaji akihamia mikebe ya alumini yenye mdomo mpana, wateja wake watakuwa na jambo jipya la kusimulia, tena bila yeye kulipia tangazo.

Hata hivyo, sifa ziwe za kweli. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza madai ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Vilevile, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, mfanyabiashara anapaswa kupata idhini ya mteja kabla ya kutumia picha au sauti yake katika tangazo la WhatsApp.

Mteja akileta lalamiko, lisikilizwe na kurekebishwa siku hiyo hiyo. Habari mbaya huenea haraka kama habari njema, na mteja aliyetendewa haki ndiye atakayemtetea muuzaji asipokuwepo.