Kichwa cha Treni Kutoka Vyuma Chakavu vya Jabe



Hadi leo hakuna treni inayofika Bujumbura. Reli zilizo karibu nasi zinaishia ufukweni mwa ziwa: ile ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na ile ya Kongo ilifika Kalemie mwaka 1915. Enzi za Wabelgiji palikuwa pia na reli ya Kivu, kutoka Kalundu karibu na Uvira hadi Kamanyola, lakini ilifungwa kabla Kongo haijapata uhuru. Kwa hiyo mtoto wa Jabe anajua lori, basi, pikipiki na mashua; treni anaiona kwenye picha.

Lakini vitu vinavyounda treni haviko mbali naye. Jabe na jirani yake Buyenzi ni mitaa ya mafundi. Hapo gia ya gari moja inaingia katika gari la jina jingine, na mwenye gari anaondoka akiendesha. Kazi tunayoieleza leo ni hiyo hiyo, ila kwa udogo: kuunda kichwa cha treni cha kukaa mezani kwa kukata na kuunganisha sehemu za vitu vingine. Ulaya na Marekani watu wazima huifanya kwa burudani. Hununua seti mbili au tatu za kiwandani, wakazikata, wakatoa kichwa ambacho hakuna duka linalokiuza. Wengine huwacheka. Sisi hatuwacheki, kwa sababu mashirika makubwa ya reli hufanya vivyo hivyo. Vichwa vya kwanza vya TAZARA vilitoka Uchina. Injini zake za dizeli zilisumbua, na katika miaka ya 1980 baadhi vilitolewa injini hizo vikawekewa injini za MTU kutoka Ujerumani. Bodi la Kichina, moyo wa Kijerumani, reli ya Tanzania na Zambia. Fundi wa Jabe ataielewa habari hiyo bila kuelezwa mara mbili.

Kabla ya kushika msumeno, shika rula. Treni za kuchezea za umeme zilizoenea zaidi duniani zina reli yenye upana wa milimita 16.5. Ukipata moja katika mitumba, hata ikiwa imevunjika bodi, umepata magurudumu na ekseli, na hilo ndilo jambo gumu kulitengeneza kwa mkono. Sasa fanya hesabu. Reli ya Kigoma ina upana wa mita 1, yaani milimita 1000. Gawanya kwa 16.5, unapata karibu 60. Basi kila kipimo cha kichwa cha kweli kigawanywe kwa 60: kichwa chenye urefu wa mita 15 kitakuwa sentimita 25. Ukitaka treni ya TAZARA au ya Kalemie, ambazo zina milimita 1067, gawanya kwa 64. Ukitaka reli mpya ya kisasa ya Tanzania, yenye milimita 1435, gawanya kwa 87, na hicho ndicho kipimo ambacho kiwanda kilikikusudia tangu mwanzo. Magurudumu yale yale, treni tatu. Wapenzi wa kazi hii huko Australia na New Zealand, ambako pia kuna reli za milimita 1067, wamekuwa wakitumia njia hiyo ya 64 kwa miaka mingi.

Hapa wengi hukosea. Wanachukua bodi la kiwandani la kipimo cha 87, wanalirefusha, wanalipaka rangi, kisha wanashangaa kwa nini halifanani na lile la Kigoma. Tazama mlango. Mlango wa mita 2 ukigawanywa kwa 87 ni milimita 23. Ukigawanywa kwa 60 ni milimita 33. Jicho la mtu hupima mlango kabla ya kupima kitu kingine, maana linajua mtu anapita pale. Kwa hiyo fremu ya chini na magurudumu yabaki, lakini chumba cha dereva kitengenezwe upya, kwa bati la kopo la maziwa au plastiki ya dumu la mafuta. Unapokata bodi, kata penye mstari wa mlango au wa bamba, acha milimita 1 ya ziada, kisha malizia kwa tupa. Kilichokatwa kikipungua hakirudi.

Sasa mota. Fundi redio atakupa mota ya kaseti, na ni rahisi kushawishika. Usiichukue. Mota ya kaseti kwa kawaida ina kidhibiti ndani yake kinachoilazimisha kuzunguka kwa mwendo mmoja ili wimbo usiyumbe. Ukipunguza umeme haitii mpaka ifike mahali ikwame. Tafuta ile ndogo inayofungua na kufunga sinia la santuri katika mashine ya DVD. Hiyo inatii.

Lakini usiiunge moja kwa moja na gurudumu. Mota ikizunguka mara 6000 kwa dakika, na gurudumu likiwa na kipenyo cha milimita 14, kichwa kitataka kwenda zaidi ya mita 4 kwa sekunde. Kitaruka mezani kama panzi. Weka gia yenye umbo la skrubu inayosukuma gia ya meno 30: mota izunguke mara 30, gurudumu mara 1. Hapo mwendo unakuwa karibu sentimita 15 kwa sekunde. Ukizidisha kwa 60 unapata kama kilomita 32 kwa saa, mwendo wa treni ya mizigo inayopanda mlima. Gia za namna hiyo zimo ndani ya vichezeo na mashine kuukuu. Fungua kwa subira, usivunje.

Kichwa chepesi kinateleza, kwa hiyo kinahitaji uzito juu ya magurudumu. Mafundi magurudumu wana vipande vya risasi, na wengi wataviyeyusha. Hapa bulletini inasema kwa nguvu: msiyeyushe risasi ndani ya nyumba, wala karibu na watoto. Moshi na vumbi lake ni sumu, na mtoto huumia kuliko mtu mzima. Nati na washa za chuma zinatosha. Ukichomelea nyaya, fungua dirisha, nawa mikono kabla ya kula. Betri za magari zisivunjwe kamwe kwa kazi hii.

Mtu atauliza, kichezeo hiki kinamhusu nini mfanyakazi wa kiwanda au wa shamba la chai? Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati, na mwezi wa Agosti mwaka huo jiwe la msingi likawekwa Musongati. Reli ikifika itataka watu wa breki, wa umeme, wa magurudumu. Kijana aliyejifunza ufundi kwa kumshikia bwana wake tochi chini ya gari hana cheti, na asiye na cheti hupewa koleo la kuchotea kokoto, hata kama mkono wake unajua gia kuliko wa aliyesoma. Hatusemi kichwa cha sentimita 25 ni cheti. Tunasema ni kitu kinachoweza kuwekwa juu ya meza ya anayeajiri: hesabu yake inaonekana, gia yake inazunguka, na aliyekitengeneza anaweza kuulizwa swali akajibu. Vyama vya wafanyakazi vidai mapema kwamba mafundi wa mitaani wapimwe kwa kazi ya mikono yao, wapewe karatasi, kabla nafasi hazijagawanywa.

Tukirudi mezani: kabla ya kuwasha, angalia ekseli. Katika treni ya umeme wa reli mbili, reli moja inaleta umeme na nyingine inaurudisha. Ekseli ya chuma ikigusa magurudumu yote mawili, umeme unapita njia ya mkato na waya unaungua. Gurudumu la upande mmoja litengwe kwa bushi ya plastiki. Anza na volti 3, sikiliza. Gia ikilia, legeza kidogo skrubu za mota, pitisha kipande cha karatasi kati ya meno, kaza tena, kisha vuta karatasi. Rangi ipakwe mwisho, baada ya kichwa kutembea saa nzima bila kusimama.