Muuguzi akishaondoka, mgonjwa anasemaje?

Muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, anapoingia nyumbani kwa mgonjwa wa saratani, hakuna msimamizi anayemwona. Hospitalini kuna wodi, zamu, majalada na daktari anayepita asubuhi. Nyumbani kuna kitanda, ndugu na majirani. Ndiyo sababu huduma nyingi za majumbani hujipima kwa vinavyohesabika upesi: ziara ngapi, wagonjwa wangapi, chupa ngapi za dawa. Hesabu hizo humridhisha mfadhili, lakini hazisemi kama mgonjwa alipata usingizi.

Uganda imelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa ametoka kufanya kazi Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda katika nyumba ya vyumba viwili iliyoazimwa na Hospitali ya Nsambya, Kampala. Tegemeo lake kubwa lilikuwa mofini ya kunywa: unga unaochanganywa na maji, wa bei nafuu, ambao mgonjwa anaweza kuutumia akiwa kwake. Madaktari hawakutosha kuwafikia wote. Mwaka 2004 nchi hiyo ikabadili kanuni, ikawaruhusu wauguzi na matabibu wa ngazi ya kati waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Dawa ikapatikana, na wa kuiandika wakapatikana. Likabaki suala la ubora.

Jibu moja limetoka Kampala hukohuko, yaliko makao ya African Palliative Care Association. Chama hicho kilitengeneza kipimo cha maswali kumi tu, na utafiti wa kukithibitisha ukachapishwa mwaka 2010. Maswali saba huulizwa mgonjwa, matatu ndugu anayemuuguza. Yanahusu siku tatu zilizopita, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Asiyejua kusoma, au aliyeishiwa nguvu za kusema, anaweza kujibu kwa vidole vya mkono mmoja.

Maswali ya kwanza ni ya mwili: maumivu yalikuwaje, na dalili nyingine je? Yanayofuata huingia mahali ambapo daftari la ziara haliwezi kufika. Je, mgonjwa alikuwa na wasiwasi kuhusu ugonjwa wake? Aliweza kuwaeleza ndugu au rafiki anavyojisikia? Aliona maisha yana thamani? Alikuwa na amani? Familia imepata ushauri wa kutosha kupanga mambo ya mbele?

Kipimo kizuri bado kinaweza kuharibiwa na adabu. Mgonjwa anayeletewa dawa bure hadi mlangoni huona haya kulalamika. Akiulizwa hali, humshukuru Mungu na kumkaribisha mgeni chai. Akiuliza muuguzi yuleyule aliyeleta dawa, huenda akaondoka na alama nzuri kuliko hali yenyewe. Ni afadhali aulize mtu mwingine, na alama za leo zilinganishwe na za ziara iliyopita. Maumivu yaliyoshuka kutoka 5 hadi 2 yanaonyesha kazi iliyofanyika. Yakibaki 4 ziara baada ya ziara, kuna dozi ya kuangaliwa upya, hata kama muuguzi hakukosa kufika siku hata moja.

Mkaguzi makini huuliza pia jambo ambalo wengi hulionea aibu: choo. Mofini hufunga choo, kwa hiyo kuitoa bila dawa ya kulainisha ni kumwondolea mgonjwa mateso haya na kumpa yale. Hospice Africa Uganda imefundisha kwamba vidonge vikikosekana, mbegu za papai zilizokaushwa husaidia. Ukimuuliza mwenye nyumba juu ya mbegu hizo, au vidonge hivyo, utajua mara moja kama maelekezo yaliyotolewa yalieleweka.

Usiku nao una swali lake. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, na ya kulalia kwa kawaida huongezwa mara mbili ili mgonjwa asikatishwe usingizi. Ndugu asiyeweza kueleza ratiba hiyo hakufundishwa ipasavyo. Asiyejua ampigie nani maumivu yakizidi saa nane za usiku ameachwa peke yake.

Hapo ndipo maswali matatu ya familia yanapopata uzito: wamepewa taarifa kiasi gani, wanajiamini kiasi gani katika kuuguza, na wana wasiwasi kiasi gani. Binti akijipa alama 1 ya kujiamini, ziara inayofuata haina budi kubadilika. Muuguzi atatumia muda mfupi kwenye chupa na mwingi zaidi kumwonyesha namna ya kumgeuza mama yake kitandani asipate vidonda vya kulalia, kumsafisha kinywa na kumwogesha bila kumtonesha. Ziara itakayofuata hiyo, ataulizwa tena.