Utafiti wa Kulipia? Hapo Umechezwa

Nilikuwa nimeacha chuo, mfuko umekauka, ndipo ujumbe ukaingia WhatsApp: “Shiriki utafiti kuhusu vijana wa Migori, ulipwe 3,000.” Ulikuwa na nembo ya chuo kikuu na jina la daktari. Nikajibu maswali kama ishirini hivi. Mwisho wakasema nitume 250 za usajili ili jina liingie kwa orodha ya malipo. Nikatuma. Kabla sijamaliza chai yangu pale steji, namba ilikuwa imezimwa.

Hizo 250 nimesahau. Ninachowazia hadi leo ni picha ya kitambulisho niliyowaachia.

Usinicheke. Huku kwetu utafiti wa kweli upo. KEMRI na washirika wake wamefanya tafiti za malaria na HIV miaka mingi ukanda huu wa ziwa. Watu wamezoea kubishiwa hodi, kuulizwa maswali na kurudishiwa nauli. Tapeli anajificha hapo hapo.

Sasa ona kioja. Mwaka wa 2015 shirika la GiveDirectly lilienda Homa Bay kugawia familia maskini pesa bila masharti. Karibu nusu ya waliofikiwa walikataa. Uvumi ulisema ni pesa za shetani. Yaani ya kweli tuliikimbia, ya uongo tunailipia! Tunapima kwa hisia tu, na hisia inadanganya pande zote mbili.

Basi pima hivi. Utafiti halali nchini huwa na leseni ya NACOSTI, omba uione. Ule wa afya hupitishwa pia na kamati ya maadili, na kwenye fomu ya ridhaa utapata namba ya kupiga ukiwa na swali. Unaweza kukataa, ama utoke katikati, na hakuna wa kukufokea. Pesa ikiwepo, inatoka kwao kuja kwako. PIN ya M-Pesa haiulizwi kamwe. Na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, una haki ya kuambiwa habari zako zinaenda kufanya nini.

Juzi binamu yangu wa Awendo alipata ujumbe kama ule wangu. Nikamwambia awaulize kitu kimoja tu: namba ya leseni ya utafiti ni gani?

Wakambloku papo hapo.